Usinunue mche kabla hujachimba shimo: jinsi ya kuchagua mimea itakayoshika kwa ploti yako Nairobi

Ukipita Ngong Road, Kiambu Road ama Lang'ata Road wikendi utaona magari yamesimama kando ya naseri, watu wanashuka wananyoosha kidole, nataka hii ya maua ya zambarau, na ile kubwa pale nyuma, zinapakiwa kwa buti safari ya nyumbani. Swali ambalo karibu hakuna mtu anauliza ni moja tu, hii inaenda kupandwa wapi? Ruaka? Utawala? Kitengela? Fleti ya ghorofa ya tano Kasarani? Na hilo swali ndilo linaamua kila kitu, kwa sababu mche uleule, kutoka naseri ileile, unaweza kuwa mti mkubwa wa kivuli kwa mtu anayeishi mji wa Kikuyu na ukafa kabla ya Krismasi kwa mtu wa Syokimau, na wote wawili walimwagilia maji bila kuchoka.

Mtu akipoteza miche mara mbili mara tatu anaanza kusema mimi na mimea hatupatani, na inaniuma kusikia hivyo, kwa sababu mara nyingi mtu mwenyewe hana shida yoyote, alichagua mmea kwa macho alafu akalazimisha ploti iukubali. Geuza huo mpango. Ploti kwanza, mmea baadaye. Udongo, maji, jua, ukishajua hizo tatu orodha ya mimea inajifupisha yenyewe, na hata mwenye naseri atakuuzia vizuri zaidi kwa sababu umempa kitu cha kufanyia kazi.

Nairobi ziko mbili

Chora laini kichwani. Upande wa magharibi na kaskazini, Karen, Lavington, Westlands, Runda, Ruaka, Kikuyu mpaka Kiambu, udongo ni mwekundu, una kina kirefu, maji yanapita vizuri na una uchachu kidogo, ndio huohuo uliobeba kahawa ya Kiambu miaka yote. Upande wa mashariki na kusini, Embakasi, Utawala, Syokimau, Mlolongo, Athi River, Kitengela, na vipande vya South C na Lang'ata, ni ule mweusi, ule watu wa mjengo wanaita blak koton, unavimba ukinyeshewa na kiangazi kikifika unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Tena kimo kinatofautiana, uwanja wa ndege wa JKIA uko kama mita 1,624 juu ya bahari na Dagoretti inakaribia 1,800, kwa hivyo upande wa juu kuna baridi zaidi na mvua zaidi, na upande wa chini kuna joto, upepo wa tambarare na kiangazi kinachouma.

Lakini hiyo laini si sheria ya kila ploti. Kuna ploti za Lavington ambazo chini ya sentimita kumi za udongo mzuri ni saruji, kokoto na vigae vya fundi aliyejenga, na kuna za Embakasi ambazo mwenyewe alijaza maram mpaka ule mweusi hauonekani. Ndio maana unachimba.

Chukua jembe uchimbe shimo la sentimita 30 kwenda chini na upana hivyohivyo, hapohapo unapotaka kupanda, si pale kwenye urahisi wa kuchimba. Angalia kuta za shimo kwanza, rangi ikibadilika ama ukipiga mwamba ama ukikutana na takataka za mjengo, jua mizizi nayo itakutana nazo. Alafu jaza maji mpaka juu, yaache yaishe yote ndio udongo ushibe. Jaza mara ya pili, simamisha kijiti ndani, weka alama, rudi baada ya saa moja. Yakishuka sentimita 2 mpaka 7 hivi uko sawa, mimea mingi itakubali hapo. Yakishuka zaidi ya kumi, udongo wako unakimbiza maji, utahitaji samadi iliyoiva na matandazo ya kutosha. Na kama hata sentimita moja haijashuka na kesho asubuhi bado kuna kidimbwi, basi hapo ndipo miche mingi ya Nairobi hufia, kwa sababu mizizi inahitaji hewa na maji yakijaza nafasi zote za udongo hewa haina pa kukaa.

Kuna kipimo kingine cha mkono tu. Chukua konzi ya udongo, lowesha kidogo, kanda, alafu usukume kati ya kidole gumba na cha shahada utoe utepe. Ukikatika kabla ya sentimita mbili na nusu, udongo ni mwepesi. Ukienda mpaka tano na kupita bila kukatika, huo ni mfinyanzi mzito. Angalia pia magugu yaliyojiotea yenyewe, mimi huwa nayaamini sana. Managu ikijiotea na majani mapana ya kijani kibichi, hapo kuna rutuba, sukuma itafanya vizuri bila maneno mengi. Mukengeria ikitambaa kote, kuna unyevu wa kudumu. Ndago zikijaa kwa kona moja, mara nyingi maji yanatuama hapo hata kama saa hii ni kukavu. Na ukitaka jibu la maabara, KALRO, shirika la utafiti wa kilimo, pale Kabete wanapima udongo, na kama unapanga kupanda matunda mengi hiyo pesa ni ya maana kuliko miche yenyewe.

Ukiwa upande wa udongo mweusi

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndipo watu wanapoteza pesa. Mtu amejenga Syokimau ama Utawala, ameambiwa udongo mweusi ni mbaya, ananunua lori ya udongo mwekundu, anachimba mashimo makubwa, anayajaza ule mwekundu, anapanda parachichi. Kwa macho inaonekana ni akili kabisa. Lakini chini ya ardhi umetengeneza karai. Mvua ikinyesha, maji yanaingia haraka kwa ule udongo laini wa lori, yakifika kwenye ukuta wa mweusi yanakwama, na mche unakaa ndani ya maji wiki nzima. Kuweka kokoto chini ya shimo hakusaidii, maji bado hayana njia ya kutoka.

Mvua za Aprili 2024, zile zilizoleta mafuriko mjini, mama mmoja jirani huku Utawala aliniita nimwangalizie parachichi zake. Miti ilikuwa imefika kimo cha mtu. Majani yamelegea yanaangalia chini, njano iliyofifia, na yeye alikuwa anaongeza maji kila jioni akidhani ni kiu, kwa sababu mti ulio na maji mengi na mti ulio na kiu hunyauka karibu sawa. Tulishika mmoja ukang'oka bila nguvu. Ile mizizi myembamba ya kunyonya ilikuwa myeusi yote, ukiifinya ngozi inateleza inatoka na unabaki na uzi mweupe wa katikati, na harufu yake ni ya matope yaliyooza. Huo ni ugonjwa wa kuoza mizizi, Phytophthora, na parachichi ni kati ya miti inayoshikwa nao haraka zaidi udongo ukituama maji. Dawa ya kumwagia mti ukiwa umefika hapo haikusaidii sana, cha maana ni mahali ulipoupanda.

Sasa ule udongo wa lori si hasara, uweke juu badala ya ndani. Tifua udongo mweusi wa juu kwa jembe, changanya na samadi iliyoiva, alafu mwaga udongo mwekundu uliochanganywa juu yake utengeneze tuta la nusu mita kwenda juu na upana wa mita moja na nusu ama mbili, na utifue ule mpaka wa kati ya udongo mmoja na mwingine ili usibaki mstari mkali. Kata mtaro mdogo kando wa kupeleka maji kwa barabara ama kwa kona ya chini. Kwa tuta kama hilo hata limau na komamanga vitakaa. Parachichi pia inawezekana lakini tuta liwe kubwa kweli na lisikauke Januari, na mimi mwenyewe ningemshauri mtu wa Kitengela anunue parachichi sokoni na hiyo nafasi apande kitu kingine.

Na kuna vingi vya kupanda. Udongo mweusi una madini mengi, unashika maji muda mrefu, ni kwamba unachagua wageni wake. Migunga ni ya kwake. Ule mgunga wa shina la njano unaouona kando ya Ziwa Naivasha unapenda udongo mzito wenye maji na unakua haraka, ila una miiba na unakuwa mkubwa sana, uuweke mbali na nyumba. Mpilipili, ule wa matawi yanayoning'inia na vitunda vyekundu, unavumilia ukavu, upepo na hata maji ya chumvi. Bogenvilia itakubali ukiinua kidogo, tena ikiteswa na kiu kiasi ndio inatoa maua zaidi. Kwa ua wa mpaka, kayaba ni ngumu kuishinda, miiba yake inazuia ng'ombe na mwizi, inavumilia kiangazi, lakini inakua polepole na lazima uikate kila mara, kwa hivyo mwenye haraka asianze nayo. Mipera inajikaza. Aloe panda kwenye kimwinuko. Na kama una kona ambayo maji yanatuama kila mvua na umechoka kupigana nayo, ipe nduma, ama kana zile za maua mekundu na ya njano, hizo zinafurahia pale ambapo wengine wanaoza, ukihakikisha kiangazi zinapata maji ya kuoshea vyombo ama nguo yasiyo na sabuni kali.

Rosemari na lavenda, hapana, si chini kwenye ploti tambarare. Weka kwa chungu ama kwa tuta lenye mchanga wa mto. Na mukau, ule mti ambao umetangazwa sana kwa ajili ya mbao, ni mti wa ukame wa Kitui na Makueni kwa udongo unaopitisha maji, usiupeleke kwa blak koton inayofurika.

Mboga nazo ni rahisi kuliko watu wanavyofikiria. Tengeneza matuta ya sentimita 20 mpaka 30, weka samadi, panda sukuma, spinachi, terere, managu, kunde. Usitembee juu ya tuta udongo ukiwa umelowa, ukiukanyaga unashikana na ukikauka huwezi kuuvunja hata kwa jembe.

Ukiwa upande wa udongo mwekundu

Hapa una bahati na sitakuweka sana. Parachichi, lokwati, matunda damu, ndizi, malimau, haidrenja, azelia, agapanthasi, karibu kila unachokiona kwa naseri kililelewa kwa huu udongo. Miti ya kwetu inashika vizuri pia, muringa wa maua meupe, muu wenye maua ya njano, mukinduri wa kivuli, muthiga kwa mwenye subira, na mingi ya hiyo utapata miche kwa naseri ya KFS, shirika la misitu, pale Karura ama KEFRI, wale wa utafiti wa misitu, Muguga. Kitu cha kujua ni kwamba udongo mwekundu unashikilia fosforasi na kuinyima mimea, kwa hivyo samadi na mboji kila msimu si mapambo. Na ploti ikiwa na mteremko, mvua inaondoka na udongo wa juu, panda kwa kukata mteremko na uache nyasi mistari mistari ya kuzuia.

Maji yako yanatoka wapi?

Hili swali linasahaulika kabisa na kwangu mimi ni la pili kwa umuhimu. Maji ya mfereji ya Nairobi mengi yanatoka Ndakaini na Sasumua kule Aberdare, ni maji ya mvua na mito, hayana shida na mimea, shida yao ni kwamba yanakuja kwa mgao. Maji ya kisima kirefu ni kitu kingine. Visima vingi vya Nairobi vina floraidi nyingi, na vingine, hasa upande wa Athi River na Kitengela, vina chumvi unayoionja kwa ulimi.

Angalia chungu ambacho umekimwagia maji ya kisima kwa miezi, ukingo wake una unga mweupe uliokauka. Hiyo chumvi iko pia kwa udongo. Angalia spaida planti ama dresina yako, ncha za majani zimekuwa kahawia, zimekauka kama zimeunguzwa, na ukikata ncha kwa makasi inarudi palepale baada ya wiki kadhaa. Mimea hiyo haipatani na floraidi, si wadudu, wala mbolea haitasaidia. Na haidrenja iliyokuwa ya buluu kwa naseri ikianza kutoa maua ya pinki kwako, na majani machanga yakiwa njano huku mishipa imebaki kijani, maji yako yameondoa uchachu wa udongo na mmea unakosa chuma hata kama kimo ndani ya udongo.

Kwa hivyo kama kisima ndio maji yako pekee, chagua vinavyovumilia, bogenvilia, aloe, mpilipili, rosemari, komamanga, sneki planti, na kwa mboga chagua spinachi na bitiruti, hizo ni ndugu na zote zinavumilia chumvi vizuri sana. Sukuma inavumilia kiasi. Maharagwe, karoti, vitunguu na stroberi zitakuvunja moyo, na parachichi pia, ncha za majani zitaungua kila kiangazi. Alafu weka mtungi chini ya bomba la mabati ukusanye mvua, hata lita mia mbili tu, uzitunze kwa vile vimea laini na kwa miche midogo. Ukimwagilia maji ya kisima, mwagilia mengi kwa mara chache badala ya kidogo kila siku, kidogo kila siku kinaacha chumvi yote kwa mizizi. Hii ufanye kwa udongo unaopitisha maji, si kwa kidimbwi.

Na uwe mkweli kuhusu mgao. Kama maji yanakuja mara mbili kwa wiki na wewe unatoka nyumbani saa kumi na moja asubuhi kurudi usiku, panda vitu vya kungojea, usipande haidrenja.

Jua, na ghorofa ya jirani

Tuko karibu na ikweta, nyuzi moja na kitu kusini, kwa hivyo jua letu linahamahama. Kuanzia mwisho wa Machi mpaka mwisho wa Septemba linapita upande wa kaskazini, na miezi mingine linapita kusini. Hii ina maana kubwa kwa ule mkanda mwembamba kati ya nyumba na ukuta. Mkanda ulio kusini mwa nyumba unapata jua zuri Desemba, mtu anapanda nyanya anafurahi, Juni na Julai zikifika, na mawingu ya baridi juu yake, hapo hakuna jua la maana siku nzima na mimea inalala. Mkanda wa kaskazini ni kinyume chake. Kwa hivyo usipime jua siku moja. Pima Juni ama Julai ukiweza, kwa sababu huo ndio msimu wa kubana. Angalia saa tatu asubuhi, saa sita, saa tisa na saa kumi na moja jioni, uandike jua liko wapi.

Mahali panapopata masaa sita na zaidi ya jua kwa siku ni pa nyanya, pilipili hoho, waridi, bogenvilia, malimau, rosemari, na nyasi ya kikuyu. Masaa matatu mpaka matano ni sukuma, spinachi, dania, minti, agapanthasi, haidrenja, na jua la asubuhi kwa hizi ni bora kuliko la alasiri linalounguza Februari. Chini ya hapo ni feni, kliviya, monstera, impatiensi. Nyasi ya kikuyu usiilazimishe chini ya mti, itakonda itaacha ardhi wazi, nyasi ya pemba ndio inakubali kivuli.

Watu wa Kilimani na Kileleshwa wana shida yao, bangalo limekaa miaka arobaini na bustani ya waridi alafu ubavuni imepanda ghorofa kumi na mbili. Waridi halijaugua, limenyimwa mwanga, dawa zote za duka hazitalirudishia maua. Hamisha yale unayoweza kuhamisha, na hapo anza bustani ya kivuli, inaweza kuwa nzuri sana, feni kubwa na kliviya za rangi ya machungwa zinapendeza pale ambapo waridi lilikuwa linateseka.

Miti na nyumba

Fupi tu lakini tafadhali. Kwa udongo mweusi, mti mkubwa ukinyonya maji karibu na msingi, udongo unanywea upande mmoja na ukuta unapasuka. Mti utakaofika mita kumi uuweke kama mita kumi kutoka kwa nyumba. Mikaratusi na mitini mikubwa isikaribie tangi la choo, kisima wala bomba. Na kama kuna watoto wadogo, fikiria mara mbili kuhusu oleanda, sehemu zake zote zina sumu, na mnyaa, utomvu wake ukiingia kwa jicho ni hospitali.

Kwa wenye fleti

Balkoni nayo ina hali zake na ni kali kuliko ploti. Jua linaingia kutoka upande mmoja tu, kwa hivyo balkoni inayoangalia mashariki ni ya mboga za majani na maua laini, ya magharibi inaunguza alasiri na inafaa jerenia, aloe na rosemari, na ya kusini usiitegemee kwa nyanya katikati ya mwaka. Ghorofa za juu zina upepo unaokausha chungu kwa siku moja na kuvunja shina la nyanya. Ndoo ya lita 20 ikijaa udongo uliolowa inaweza kufika kilo 30, zihesabu kabla hujazipanga, na uzikalishe karibu na ukuta badala ya ukingoni, tena ongea na keateka kuhusu maji yanayodondokea nguo za wa chini.

Ukiwa na kauwanja ka chini, hata mita moja, gunia linafanya maajabu, lile la Kibera na Mathare, unasimamisha safu ya mawe katikati ya kupitisha maji, unajaza udongo na samadi pembeni, unatoboa matundu unapanda sukuma kuzunguka. Gunia halijali udongo wa chini ni mweusi ama ni simiti, na ukihama unaanza lingine.

Matunda yanayodanganya macho

Naelewa kabisa mtu aliyekulia Mombasa ama Makueni akitaka mwembe wake Nairobi. Utakua, utakuwa na majani mazuri, lakini maua yakikutana na baridi na ukungu mengi yanapukutika, na matunda yanakuwa machache na ya kuchelewa. Upande wa chini, Athi River kwenda Machakos, una nafasi. Upande wa Limuru, usijaribu. Mpapai hivyohivyo, baridi inaondoa utamu. Mnazi sahau.

Pasheni chagua ya zambarau, ndio ya huku juu, ile ya njano ni ya joto la chini. Matofaa yanataka baridi kuliko tunayo, ukitaka kujaribu tafuta aina inayoitwa Anna kwa sababu mahitaji yake ya baridi ni madogo. Parachichi kwa udongo mwekundu nunua la kupandikiza, yaani lililounganishwa na kikonyo cha mti wa aina unayoitaka, linaanza kuzaa kwa miaka mitatu hivi, la kokwa linaweza kukuweka zaidi ya mara mbili ya hapo na hujui litazaa nini. Na ukiwa na nafasi ya miti miwili, weka Hass moja na Fuerte moja, maua yao yanafunguka kwa zamu tofauti na zinachavushana vizuri.

Ukifika naseri

Sasa ndio wakati wa kununua, na ile orodha yako iko mkononi. Mwambie muuzaji, "Boss, mimi ni wa Utawala, udongo mweusi, maji ya kisima, jua ni la alasiri." Wengi wa hawa watu wana ujuzi mkubwa na wakiambiwa hivyo watakutoa kwa ile uliyoipenda wakupeleke kwa inayofaa. Akikujibu tu kwamba hii haiwezi kufa ni kumwagia maji, tembea mpaka naseri inayofuata.

Usichukue mkubwa zaidi. Mche mkubwa uliokaa kwa karatasi ndogo miaka miwili mizizi yake imezunguka na itaendelea kuzunguka hata ukiupanda, mdogo wenye nguvu utaupita. Omba uinue karatasi uangalie chini. Mizizi iliyojikunja imeshona udongo wote, uache. Angalia nyuma ya majani kama kuna unga mweupe ama vidudu, na kwa mti wa kupandikiza angalia kidonda cha kiungo kiwe kimefunga vizuri na kiwe juu ya udongo, na hata ukipanda usikifukie.

Kumbuka pia mche huo umelelewa chini ya neti ya kivuli ukimwagiliwa asubuhi na jioni. Ukiutoa hapo ukaupanda moja kwa moja juani Kitengela, majani yataungua kwa siku tatu. Uweke kwanza mahali penye jua la asubuhi tu, uongeze kidogo kidogo kwa wiki moja ama mbili.

Wakati wa kupanda ni mvua ikishashika, si ile ya kwanza ya kudanganya vumbi. Masika ni kati ya Machi na Mei, vuli ni Oktoba mpaka Desemba. Kwa udongo mwekundu masika ndio bora kwa miti kwa sababu mvua ni ndefu. Kwa udongo mweusi mimi napendelea vuli, mvua yake kwa kawaida ni fupi, mche hauzami, ila utahitaji kuumwagilia Januari na Februari na kuweka matandazo mazito, majani makavu ama nyasi zilizokatwa, yakae umbali wa kiganja kutoka kwa shina. Julai usipande kitu kinachopenda joto, kitakaa tu bila kuongeza jani mpaka Septemba. Panda jioni, lowesha mche kabla ya kuutoa kwa karatasi, na shingo ya mche iwe sawa na uso wa ardhi, ama juu yake kidogo ukiwa huku kwa udongo mweusi.